Mpangaji wa Chumba Namba Kumi na Mbili

Sehemu ya Saba

Kwanza niwaombe radhi. Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia kwamba miaka sita iliyopita, nilipokwenda kukagua lile jengo la orofa nne, sikufika orofa ya juu kwa sababu ngazi ilikuwa na mlango na mlango ulikuwa na kufuli. Wengi wenu mkanihurumia. Msomaji mmoja akaniandikia, "Dada yangu, kosa si lako, kosa ni la aliyefunga." Niliusoma ujumbe wake mara tatu, na kila mara nikazidi kujichukia.

Hapakuwa na kufuli. Hapakuwa hata na mlango. Ukweli nitawaambia humu humu, lakini niacheni nifike kwa miguu yangu, maana nikianza nao mtalifungia maandazi gazeti hili kabla hamjanimaliza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mthamini wa majengo. Naingia kwenye jengo, nalipima, nalichungulia mpaka chooni, kisha naandika lina thamani gani, ili benki ijue itoe mkopo kiasi gani au mnunuzi ajue asivuke bei ipi. Kuhusu orofa ya nne ya jengo lile niliandika maneno manne: "Dari nzima, hali nzuri." Sikuwa nimefika huko. Nilinakili vipimo vya orofa ya tatu, nikabadili namba za vyumba. Miezi mitano baadaye, mvua zilipokolea, kipande cha dari ya zege kilimwangukia fundi saa wa chumba namba kumi na mbili. Alifia mezani pake.

Tangu hapo sijaona jema. Mzee aliyenifundisha kazi akafariki na ofisi yake ikafungwa. Baba wa wanangu amehamia kwa dada yake, anasema amechoka kulala na mtu anayeongea na dari. Nami nimepata kazi upya, tena ya majaribio, kwa binti niliyemfundisha mwenyewe kushika futi ya kupimia. Leo yeye ni mkurugenzi, mimi ndiye ninayeomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino.

Jumatatu binti huyo aliniita, akanisogezea faili. Niliona anwani: ni ya jengo lile lile.

"Mwalimu," akasema. Bado ananiita hivyo, na sijui kama ni heshima au ni kunikumbusha nilikotoka. "Tuna mnunuzi wa jengo hili. Mwenye jengo anadai vyumba vyote vina wapangaji. Mimi siamini."

"Kwa nini huamini?"

"Si wewe uliyenifundisha nisiamini?"

Alikuwa na haki. Jengo la biashara halithaminiwi kwa uzuri wa rangi. Unachukua kodi inayoingia kwa mwaka, unatoa vyumba vinavyokaa bure, unatoa matengenezo, ulinzi na maji. Kinachobaki ndicho unachokigeuza kuwa bei, kisha unalinganisha na majengo ya jirani yaliyouzwa karibuni uone kama hujapotea njia. Mpangaji mmoja akiongezeka kwenye orodha, bei yaweza kupanda mara kumi ya kodi yake ya mwaka. Ndiyo maana wenye majengo wajanja hufuga wapangaji hewa: jina liko kwenye karatasi, chumbani kuna buibui.

"Gonga kila mlango," akasema. "Kila mpangaji ajaze fomu na kusaini, nawe usaini mbele yake. Chumba kisicho na saini mbili nakihesabu kitupu."

Fomu hiyo ni ya yule mzee aliyenifundisha kazi. Binti huyu nilimrithisha mimi.

Nikafungua orodha ya wapangaji. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaruka mpaka mwisho, kwa sababu jicho lenye hatia halina subira. Chumba namba kumi na mbili, fundi saa. Jina lake lote, herufi kwa herufi, kama nilivyolisoma gazetini wiki ile ya msiba. Kodi ya mwezi huu: amelipa. Ya mwezi uliopita: amelipa. Miaka sita hajaruka hata mwezi mmoja.

Marehemu analipa kodi kwa wakati kuliko mimi niliye hai.

"Mwalimu, mbona umebadilika?"

"Jino," nikamjibu.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni pa jengo lile. Chini kabisa ni duka la rangi na vigae la mwenye jengo mwenyewe, na nyuma ya makopo ndiko iliko meza yake. Nilitarajia amenisahau. Aliinuka kabla sijafungua mdomo.

"Ahaa! Karibu tena, mama! Miaka inatukimbilia sisi, wewe inakupita pembeni."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Keti. Nimefurahi wameleta mtu anayejua kazi. Hawa vijana wa siku hizi wanapima mpaka kivuli."

Akavuta droo, akatoa nakala ya ripoti yangu ya zamani. Pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kushikwashikwa.

"Jengo halijarefuka wala halijapungua. Nakili hii, badili tarehe, saa tano uko nyumbani." Akashusha sauti. "Kule juu usijisumbue. Najua wewe na ngazi hampatani."

Basi alijua. Miaka yote sita alijua, akanyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa.

"Chumba namba kumi na mbili kuna nani?" nikauliza.

"Si kimeandikwa hapo? Fundi saa."

"Fundi saa alikufa."

"Mama, kodi inaingia. Msimamizi wangu anapokea, anakata risiti. Mimi ni mwenye jengo, sina daftari la vifo."

Moyo ukanitulia kidogo, na hilo pia naona aibu kulisema. Nilijiambia ni mpangaji hewa, jina la marehemu limeachwa ili bei isishuke. Ningechungulia, ningeona vumbi, ningeandika "kitupu", ningeshuka. Nikaikataa ripoti yake, nikaanza kazi.

Orofa ya kwanza nilipima vyema. Ya pili nilimkuta mpiga chapa aliyeshikilia kwamba mashine yake nayo isaini fomu, maana ndiyo inayolipa kodi. Ya tatu, mwalimu wa kompyuta alinionyesha bomba linalovuja, nikaliandika. Wote watu wa nyama na damu. Vyumba vitatu kila orofa, fomu tisa, saini kumi na nane.

Kisha nikatoka kwenye ujia, nikafika pale ngazi inapojikunja kuelekea orofa ya nne. Miguu ikagoma.

Sasa ule ukweli.

Siku ile nilikuwa nimevaa viatu vipya. Ndiyo, viatu. Vyekundu, kisigino kirefu, nilivivaa kwa sababu mtu fulani ofisini aliwahi kusema nimekaa kama mpiga plasta. Kufika orofa ya tatu kisigino kilikuwa kimechubuka, soksi imeshikana na damu. Nilisimama pale pale, nikavua kiatu kimoja nikakishika mkononi, nikatazama juu. Ngazi ishirini na mbili. Nilizihesabu.

Kutoka juu sauti ya mwanamume ikaniita, ya upole kabisa: "Panda tu, mlango uko wazi! Kuna kitu nataka ukione hapa darini."

Nikamjibu, "Nakuja."

Nikavaa kiatu, nikashuka. Mwenye jengo alikuwa amenimiminia chai. "Umemaliza?" akauliza. "Nimemaliza," nikasema, nikanywa.

Hakuna aliyenihonga. Ningekuwa nimehongwa, leo ningekuwa na kitu cha kurudisha. Nilimuuza mtu kwa kidonda cha kisigino.

Na tangu alipokufa, sauti ile hainiachi. Nikiwa jikoni naisikia juu ya sufuria inayochemka. Nikiwa bafuni naisikia kwenye bomba. Mara nyingine naiitikia usingizini, "Nakuja, nakuja," na ndicho kilichomfukuza baba wa wanangu. Nimehamia nyumba isiyo na orofa. Haikusaidia, maana hata hiyo ina dari.

Basi nilikuwa nimesimama kwenye ile kona ya ngazi, raba miguuni, futi mkononi, nikasikia saa. Si moja. Nyingi, zinagonga taratibu, kutoka chumba ambacho nilishakiandika moyoni kuwa ni kitupu.

Halafu:

"Panda tu, mlango uko wazi!"

Nilishika ukuta. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ilinichukua muda kutambua kwamba sauti ilikuwa ya mwanamke.

Nikapanda. Ishirini na mbili.

Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiliwa. Saa za ukutani pande zote, za mkononi zimepangwa kwenye kitambaa, kila moja na kikaratasi chenye jina. Vikaratasi vingine vilikuwa vya manjano kwa uzee, vimeandikwa kwa mwandiko mzito wa kiume. Nyuma ya meza alikaa mama wa rika langu, kioo cha kukuzia kimebana jicho moja.

Nikatazama juu kabla ya kusalimia. Nusu ya dari ilikuwa zege, nusu mabati. Mpaka wa zege na bati ulipita juu ya kile kiti alichokalia hasa.

"Karibu, mama. Usiogope, bati haliangushi kitu." Akatoa kioo jichoni. "Nimesikia hatua zako zimesimama pale kwenye kona. Wazee wengi hukata tamaa pale, ndiyo maana huwa nawaita. Nimeiga kwa marehemu mume wangu. Ndivyo alivyokuwa akiwaita."

"Pole," nikasema. Neno kubwa kuliko hilo sikulipata.

"Nimeshapoa. Keti."

"Wewe ndiye unayelipa kodi?"

"Kila mwezi. Nilikuwa nashona nguo. Mkono uliozoea sindano haushindwi na skrubu."

"Mbona hujabadili jina?"

"Nibadili?" Akacheka kidogo. "Walitaka. Nikakataa. Nataka kila mwezi wakae chini, washike kalamu, waandike jina lake lote. Wasipate kusahau kirahisi."

Kuna watu ambao hasira zao hupiga kelele. Ya huyu mama ilikuwa inalipa kodi kwa wakati.

Nikatoa fomu, nikaeleza: jengo linauzwa, mimi ni mthamini, nathibitisha wapangaji. Nilipotaja kazi yangu, kibano chake cha kushikia skrubu kikamtoka mkononi.

"Mthamini," akasema. "Mungu mkubwa. Basi nisaidie, mwenzangu. Nyinyi lazima mnajuana."

Akavuta droo. Mfuko wa nailoni, ndani yake ripoti. Ilikuwa nakala ya ripoti yangu, pembe zimelegea kama ile ya chini.

"Mume wangu aliona ufa darini. Akamwambia mwenye jengo, mara moja, mara mbili. Siku moja akasikia mthamini yuko hapa. Akafagia chumba, akaweka ndoo chini ya ufa ili aone maji yanavyodondoka. Akamwita. Akajibiwa, 'Nakuja.' Hakuja."

Saa ziliendelea kugonga.

"Jioni aliniambia, 'Atarudi tu kesho.' Kesho akaacha mlango wazi kutwa. Wiki ile hakwenda hata kula, asije akapishana naye. Siku moja tu alitoka, kwenda kuzika. Baadaye mwenye jengo akamwonyesha karatasi hii. 'Unalia nini wewe? Mtaalamu ameandika dari nzima.' Mume wangu alikuwa ameshapata chumba ng'ambo ya barabara, mama. Alikuwa ahame. Akaniambia, 'Pengine yule mthamini alirudi siku niliyokwenda kuzika. Pengine mimi ndiye mwoga.' Akabaki."

Nilitamani anitukane. Marehemu alinitetea. Kwa miezi mitano alikaa chini ya ufa ule akiamini kwamba nilirudi.

"Tulikwenda mahakamani," akaendelea. "Mwenye jengo akaapa hakuna aliyewahi kulalamika, akatoa ripoti hii, kesi ikatupwa. Wakili anasema inaweza kufunguliwa tena, ila apatikane aliyesaini, aseme mwenyewe kwamba hakupanda. Nikaenda kwenye ofisi yenye muhuri huu. Nikakuta wanauza simu."

"Jina halimo?"

"Muhuri na saini tu. Nimeitazama miaka sita. Naweza kuichora gizani."

Nikauliza swali la kijinga, lakini nililihitaji. "Ukimpata utamfanya nini?"

"Mwaka wa kwanza nilitaka kumpiga kwa hiki kiti. Sasa nataka aseme tu. Nimechoka kuwa peke yangu ninayejua." Akapangusa meza kwa kiganja. "Lete fomu yako tujaze, nisikucheleweshe."

Akajaza. Chumba namba kumi na mbili. Mpangaji: jina la mumewe. Anayelipa: mjane wake. Akasaini vizuri, kwa utulivu wa mtu wa saa, kisha akanigeuzia karatasi na kuweka kalamu juu yake.

"Bado wewe."

Nikaitazama nafasi ile tupu. Nisiposaini, mkurugenzi atakihesabu chumba hiki kitupu, na mnunuzi atamtoa huyu mama bila hata ilani, pamoja na saa zake na vikaratasi vya mumewe. Nikisaini, anaijua saini yangu kuliko mimi mwenyewe.

Nitawaambia shetani alinishauri nini. Alinishauri nichore mkwaruzo wowote. Nani angejua? Kidole changu kilishaanza kuupindisha wino. Kisha nikaona, karibu na mguu wa meza, ndoo. Ndoo ya bati, kuukuu, safi, bado iko pale pale ilipowekwa ili mimi niione.

Nikasaini. Yote, na ule mkia wake wa mwisho.

Alirudisha kioo jichoni, akaivuta fomu karibu, akaivuta na ripoti, akaziweka ubavu kwa ubavu. Aliangalia kama anavyoangalia saa iliyokufa, akitafuta ni jino gani lililokatika.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilingoja kiti. Hakukishika. Alitoa kioo, akaniangalia miguuni.

"Aliinama kwenye reli ya ngazi akakuona. Aliniambia ulikuwa umeshika kiatu kimoja. Akasema, 'Masikini, ameumia mguu, ndiyo maana ameshuka.'"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kwa kelele, na yeye akaniacha nilie bila kunipa hata kitambaa. Alikuwa na haki hiyo.

Nilipotulia, akasema, "Nina swali moja. Wakili atakuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi kwanza. Kutopanda ni uzembe. Watu huzembea. Lakini mume wangu alikuita, akakutajia dari. Ulimsikia?"

Nililielewa swali lile kuliko alivyodhani. Mthamini aliyezembea hukaripiwa, hufungiwa mwaka mmoja, hurudi. Mthamini aliyeambiwa kuna hatari na bado akaandika "dari nzima" hupoteza leseni kwa maisha, na huenda akafungwa. Nina watoto wawili shuleni na mshahara mmoja wa majaribio. Na shahidi wa pili wa maneno yale yuko kaburini. Nikisema sikusikia, hakuna wa kunipinga duniani.

Nikafungua mdomo.

"Mama!" Sauti ilitoka chini, nzito, ya uchangamfu. Mwenye jengo. "Mama, bado uko huko juu? Shuka basi, chai inapoa!"

Na mdomo wangu, uliozoea, uliofanya hivyo jikoni, bafuni na usingizini kwa miaka sita, ukaitikia wenyewe kabla sijauzuia:

"Nakuja!"

Mkono wa yule mjane ukasimama juu ya fomu. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Hivyo hivyo," akasema polepole. "Hivyo hivyo ndivyo alivyoniambia ulivyomjibu."

Sikushuka. Nilikaa pale pale, mikono juu ya meza ya marehemu. Kule chini mwenye jengo alingoja kidogo, kisha nikasikia viatu vyake vinaanza kupanda. Orofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akatua kwenye kona akihema. Nikazihesabu zilizobaki, zote ishirini na mbili, mpaka kivuli chake kikaanguka mlangoni na tabasamu lake likaziona zile karatasi mbili zimelala ubavu kwa ubavu.

Yule mama hakumtazama. Aliniuliza tena, safari hii kwa sauti ya kumfikia mtu aliyesimama mlangoni:

"Ulimsikia?"